Hedfoni za Kutomsikia Mama

Shosti, acha unachofanya unisome. Nimesimama nje ya duka nasubiri teksi.

Si nilikuja na mume wangu kuchagua hedfoni? Moja tu ya kutumia kwa kila kitu: muziki, filamu na yale magemu yake. Muuzaji akatoa aina tatu. Hizi besi inagonga, zile maneno ya filamu yanasikika vizuri, nyingine hazichoshi masikio.

Mume wangu akasema, "Hebu zijaribu wewe kwanza, mpenzi." Nikavaa. Muziki ulikuwa haujawashwa, shosti. Nasikia kila kitu!

Akamwinamia muuzaji: "Hayo ya muziki na gemu achana nayo. Mama mkwe anahamia kwangu. Nataka nikivaa nisimsikie akikohoa."

AKIKOHOA! Mama yangu! Juzi tu katoka hospitali, na huyuhuyu ndiye aliyempigia simu, "Njoo mama, hapa ni kwako."

Muuzaji akacheka. Mwenzangu akanogewa: "Na bintiye ndiye redio yenyewe."

Mimi redio. Mimi!

Nikazivua polepole, nikamvisha mwenyewe. Uso ukamshuka. "Kumbe ulikuwa unasikia?" Ndicho alichouliza! Hata samahani hakuna. "Ulikuwa unasikia?"

Nikamjibu mbele ya wateja wote, "Mama anahamia leo. Chumba chako cha magemu ndicho chake. Wewe utalala sebuleni na hedfoni zako."

Nimemwacha humo dukani, anapiga simu tena saa hizi. Sipokei. Nimeshaita teksi, naenda kumchukua mama.