Niliuliza Mara Moja

San Jose, California
Jumapili, siku nne kabla ya arobaini

Kaka yangu Parviz,

Salamu nyingi kutoka kwa mdogo wako. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Shiraz, goti limetulia, na wifi na wajukuu hawajambo. Sisi huku tunasema hatujambo kwa sababu ndivyo inavyosemwa. Tangu niandike jina lako nimeinuka mezani mara tano. Nimeosha glasi za chai zilizokwisha kuoshwa, nimemgombeza hata paka wa jirani. Haya, nimekaa sasa.

Msiba wa ndugu yetu Hushang ulijaa watu. Mkewe, Fereshteh, alisonga halua ya zafarani mpaka mikono ikamuuma, na hakutaka kusaidiwa. Wenzake wa kazini walikuja na suti zao, wakawa hawajui wakae wapi. Kule walimwita Bob, fikiria! Mama angesikia angezirai. Mmoja wao alisimulia kwamba kampuni ilipopunguza watu, Hushang, mkuu wa wahandisi mia tatu, alikataa waandikiwe barua pepe. Aliwapigia simu mmoja mmoja, siku mbili nzima, mpaka sauti ikamkauka. Mwingine akasema kwa miaka ishirini bosi wao alibeba chakula cha mchana kwenye kopo la mtindi lililooshwa. Wakimtania anunue chombo cha maana, anawajibu, "Hili lina ubaya gani? Si lina kifuniko?"

Nilicheka mpaka nikalia. Ndiye yeye hasa. Binti yake Nilufar naye alisema baba hakukosa hata shindano lake moja la kuogelea. Kompyuta iko magotini, lakini macho yako majini.

Nami nikawaza: kwa mama yake hakwenda. Simsafishi, kaka. Mama alipofariki alibaki huku kwa ajili ya mkutano wa kazi, na wewe ukamwambia kwenye simu, "Basi zikuzike hizo kompyuta zako." Miaka kumi na moja hamkusemezana, na mimi katikati nikabeba salamu ambazo hakuna aliyezituma.

Alhamisi natakiwa kusimama mbele za watu nimzungumzie. Fereshteh ameniomba, eti mimi ndiye niliyemjua toka utoto. Siwezi kusimama pale wewe hujajua hili.

Siku sita kabla hajafa bado alikuwa anaongea vizuri. Ilikuwa asubuhi, nimekaa kando ya kitanda namchambulia komamanga. Nikamuuliza kama nikupigie simu. Akasema, "Aa, usimsumbue. Ana mambo yake." Nikasema haya, nikaendelea na komamanga.

Wewe unajua tulivyolelewa. Chai ikiletwa tunakataa mara ya kwanza, tunakataa ya pili, ya tatu tunapokea na sukari juu. Kwetu hata mtoto mdogo anajua kwamba "usimsumbue" ya kwanza ni adabu tu. Nilijua, kaka. Aliitazama simu yangu pale juu ya shuka, akanitazama mimi, akangoja nimuulize tena. Mimi nikainamia komamanga, nikalimaliza lote punje kwa punje.

Utauliza kwa nini. Nilikuwa nimechoka na ninyi wawili. Tena nilitaka awe wangu peke yangu, hata kwa siku chache, maana maisha yote alikuwa wa kwako kwanza, na mimi ni yule mdogo wa kutumwa viatu. Kila asubuhi nilisema leo nitamuuliza. Siku ya nne hakuweza tena kutamka neno. Huo ndio ukweli, na sina wa kumtwika.

Wifi na watoto uwasalimie sana, wajukuu wabusu kwa niaba yangu. Fereshteh na Nilufar wanakusalimu. Usinijibu kwa adabu, kaka. Nitukane ukitaka, nistahili nisistahili. Ila usininyamazie kama ulivyomnyamazia yeye. Tumebaki wawili tu.

Mdogo wako,
Mahvash