Pumba Zako Zimefika Kwenye Helikopta

Mama, shikamoo.

Usicheke kwanza. Zile pumba za uwele wako wa mwisho, ulizoniachia nilishie kuku, nimezimwaga kwenye helikopta! Kuku wamekosa, Mzungu kazila.

Tangu tukuzike Mungaa, nimepata ukarani huku Mkiwa, uwanja wa ndege. Kuna mhandisi, huyo Mzungu, anatafuta hesabu ya upepo unaopita kwenye mapanga ya helikopta. Helikopta imefungwa kwa minyororo juu ya mzani. Rubani akiongeza nguvu, mimi nasoma mshale na kuandika inavyovuta kwenda juu. Basi mshale ukawa unaruka mno, halafu unarudi kidogo ndipo unatulia. Kila mara! Hesabu za bwana huyo zilisema utapanda na kutulia hapo hapo. Akasema sijui kusoma, Jumamosi nirudi kwetu.

Mama, iliniuma. Watu wangesema mwanao kafukuzwa kwa kuandika uongo.

Ndipo nikakukumbuka tukipepeta, ungo juu ya kichwa. Mimi nikiona majani yanatikisika tu, namwaga, pumba zinaturudia machoni. Wewe unanifuta kwa upindo wa kanga: "We mtoto, una haraka ya nini? Upepo nao una mwendo wake. Moja, mbili, ndiyo umwage."

Nikaomba nafasi moja. Nikapanda juu ya tangi la maji lililo kando ya helikopta na kiroba changu cha pumba, nikamwaga. Pumba zikawa zinashuka taratibu kwenye mapanga. Rubani akaongeza nguvu. Nazo, wala! Zikaendelea na mwendo ule ule. Moja, mbili, ndipo zikakimbilia chini. Kumbe upepo ukiwa haujaamka, mapanga yanaukamata vizuri, ndege inavuta mno. Upepo nao ukishaanza kukimbia, mapanga yanapungukiwa nguvu, mshale unarudi.

Bwana akatema pumba, ndevu zote nyeupe, akacheka mpaka akakaa chini. Akatia kule kuchelewa kwa upepo kwenye hesabu zake, na zikakubaliana na mshale. Kazi ninayo, Mama.

Ila nilishuka pale tangini nikitaka kukimbilia kwako nikusimulie. Nikalia, pumba usoni, watu wakadhani zimeniingia machoni.

Uwele mwaka huu umekubali. Nakuahidi nitaupepeta mwenyewe, pale pale pako. Majani yatatikisika, na safari hii nitasubiri.

Pumzika, Mama.

Mwanao mwenye haraka,
Elia