Jina Lako kwenye Simiti

Mama yangu Filista,

Kaburi lako limesakafiwa Jumamosi. Nakuandikia nikueleze jina lako limeandikwaje, maana ungekuwapo ungeuliza hilo kabla ya kuuliza kama wageni wamekula.

Buteba nzima hakuna aliyekushinda mwandiko. Mtu akizikwa, fundi akishalainisha simiti, uliitwa wewe. Ulipiga magoti juu ya gunia, msumari mkononi, ukaandika jina la marehemu kwa herufi zako za kuunganisha, nami nimekushikia mwavuli. Siku moja nilikuomba uongeze maua pembeni. "Maua wacha," ukasema. "Watu nataka kusoma, si kushangaa."

Ulipofariki, kaka alitaka jiwe jeusi la kuchongwa kutoka upande wa Kenya, lenye herufi pana kama za duka la mabati. Nilikataa kwa ukali, Mama, tukanuniana siku mbili. Nilitaka mwandiko wako. Shida ni kwamba jina lako hukuliandika popote. Nimepekua kila daftari na kila barua: kote umesaini "Mama yenu" tu.

Basi nikazunguka makaburini na simu, Buteba mpaka Buhehe, nikipiga picha majina uliyowaandikia watu. F niliitoa kwenye kaburi la mzee Fabiano. Hapa dukani kwangu Busia, ninapochapa kadi, nikazichora upya kwenye kompyuta moja moja mpaka ikawa fonti kamili. Herufi hazikunitesa sana, viungio ndivyo vilivyonitesa: mkia wa l usipokutana na i palepale, neno linakatika.

Nikuambie ukweli, nimeitumia na kwingine, na sikukuomba ruhusa. Hilo linanisumbua. Mabibi harusi wanaipenda kwenye kadi za mwaliko. Iko kwenye kioo cha saluni ya jirani na kwenye keki za ubatizo. Mwenye duka la mbolea aliitaka kwa kibao chake, nikamkatalia, kwa sababu mistari myembamba haisomeki kutoka barabarani.

Jumamosi nilikuja na jina lako limechapwa kwenye karatasi kubwa. Niliitandaza juu ya simiti mbichi nikaanza kutoboa kwa sindano, nukta kwa nukta, kufuata kila mstari.

"Dada, simiti nakauka," fundi akasema. "Wewe nangoja nini?"

Upepo ukaja. Kaka, bila kuombwa, akapiga magoti akashika pembe za karatasi. Nilipomaliza tukaiondoa, nikapitisha msumari kwenye nukta. Filista Athieno.

Rafiki yako Mama Nekesa alifika amechelewa. Akainama, akasoma polepole, akashika mdomo.

"Eh! Huyu Filista, alijiandika lini?"

"Kitambo, mama," nikamjibu.

Kaka akanitazama, akaanza kulia, na mimi nikalia naye.

Pumzika sasa, Mama. Tumekusoma vizuri.

Binti yako,
Awino