Kadi Imekataa Kuingia Kwenye Kasha

Mshauri mpendwa, nisaidie, maana jambo hili nimekaa nalo wiki tatu na hata mume wangu sijamweleza lote.

Mimi ni fundi cherehani wa miaka arobaini na mbili, nashona sare za shule, na tafadhali usicheke, kila Jumapili mchana nikishaosha vyombo nakaa kwenye kompyuta nacheza mchezo wa kuendesha malori na kaka yangu anayeishi mbali, lori lake mbele langu nyuma, tunaendesha huku tunazungumza. Na kuzungumza ndiko ninakokutaka, kwa sababu baba yetu alipofariki kaka alichelewa mazishi nami nikamtolea maneno makali mbele za watu, tukanuniana miaka mitatu, hata salamu hakuna, mpaka alipomwomba mume wangu aniwekee mchezo huo, tukaanza kwa kuambizana "pita", "simama", "punguza mwendo", mwishowe tukawa tunamzungumzia baba.

Sasa mchezo umetoka mpya, kaka amehamia huko, na kompyuta yangu ya zamani haiuwezi, lori linagandaganda, miti inaonekana kama maboksi, fundi wa kompyuta akasema iliyochoka ni kadi ya grafiki, ile inayochora picha za kwenye skrini. Nikaona haya kumwambia kaka, nikasema nina sare nyingi. Jumapili ya pili nikasema hivyo hivyo, na ya tatu, akajibu tu, "Sawa mdogo wangu, kazi njema."

Nikaenda dukani, muuzaji akanisifia kadi kubwa ya feni tatu, nami kabla ya kutoka nyumbani nilikuwa nimelipima kasha la kompyuta kwa futi yangu ya kushonea, nikaona itaingia na nafasi itabaki, nikanunua, kufika nyumbani imezidi vidole viwili! Fundi anasema tulikate kasha kwa msumeno, halafu pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta, nayo ni ndogo, haitaulisha mzigo huo, ibadilishwe. Mume wangu anasema mtu mzima aachane na michezo. Duka linapokea bidhaa ndani ya siku kumi na nne na zimebaki tano. Nikate, nirudishe, au niache kabisa?

Fundi wa Sare

JIBU

Fundi wa Sare, barua yako nimeipandisha juu ya nyingine kwa ajili ya hizo siku tano, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Ulipima kwa nje, sivyo? Wewe mwenye futi shingoni kila siku, ungempima mtoto kiuno juu ya koti? Ndani ya kasha kuna kuta, kuna vyuma vya kushikia diski, kuna nyaya. Na huyo anayetaka kupitisha msumeno humo, mwambie akakate kompyuta yake.

Nimemuuliza jamaa anayetutengenezea kompyuta hapa ofisini. Anasema kadi hiyo hata ingeingia, mashine ya umri huo isingeweza kwenda nayo sambamba, ungelipia nguvu usiyoitumia. Irudishe. Chukua kadi fupi, inayopata umeme wake pale pale inapochomekwa, bila waya wa pembeni, ili pawa saplai uliyonayo itoshe. Safari hii fungua kasha, pima kutoka ukuta wa nyuma mpaka chuma cha kwanza kinachozuia. Andika na wati zilizoandikwa kwenye pawa saplai, na kadi ya chini kabisa ambayo watengenezaji wa mchezo wanasema inatosha kuuchezesha. Karatasi hiyo mpe muuzaji kabla hajafungua mdomo kukusifia kitu. Ukiamua kununua iliyotumika, usiichukue mpaka uione ikichezesha mchezo nusu saa nzima.

Mumeo naye anaona malori tu kwa sababu malori ndiyo uliyomwonyesha. Mweleze kwamba hapo ndipo mnapomzungumzia baba yenu, uone kama atarudia maneno yake.

Lakini kilichoniudhi si kadi. Kilichoniudhi ni hizo sare nyingi. Kaka yako hajui habari ya feni wala vidole viwili. Anachojua ni kwamba dada yake, aliyemnunia miaka mitatu, ameanza tena kukosa nafasi. Unadhani ile "kazi njema" aliisema kwa raha? Jumapili tatu mtu huyo anajiuliza safari hii amekukosea nini, na wewe uko na fundi mnabishana juu ya msumeno. Pole, ila hilo umelitengeneza mwenyewe.

Kadi utairudisha kesho. Simu ni leo, na usimwandikie, mpigie. Mwambie, "Kaka, mashine yangu imechoka, nilikuwa naona haya kukwambia." Ukimwomba mrudi kwenye mchezo wa zamani mpaka upate kadi, atarudi. Mpigie sasa hivi, kabla hasira yako kwangu haijapoa.