Kibao Ulichotuvika

Baba,

Shikamoo. Leo sisubiri uitikie, maana nimekuja na hasira na nataka kuzimaliza zote kabla sijaenda kupika.

Jumapili walikuja wanafunzi wako wa zamani, watu wazima sasa, mmoja ana kitambi hata kiti kililalamika. Wanataka darasa moja la shule yetu lipewe jina lako, na mimi, binti yako mkubwa, nisimame siku hiyo nisome wasifu wa marehemu. "Mwalimu ndiye aliyetufundisha kutofautisha 'collect' na 'correct'," wakasema, wakacheka kwa upendo. Nikawamiminia chai, nikacheka nao, na tangu hapo najichukia.

Sikatai kwamba ulitupenda. Kila asubuhi tulipanda nawe kilima kutoka Nyamiaga kwenda shule, mimi na mdogo wangu Redempta, na mvua ikinyesha mwavuli ulitufunika sisi ukalowa wewe. Njiani ulitufundisha. "Collect" ni kukusanya, "correct" ni kusahihisha. Ulisimama katikati ya tope ukafungua mdomo ili tuone ulimi unakaa wapi. Ndimi zetu sisi Wahangaza hazina mazoea ya kutenganisha sauti hizo mbili, l na r, na ulilijua hilo vizuri sana, kwa kuwa wewe mwenyewe ulimwita mwanao Ledempta maisha yako yote, na hakuna aliyekucheka.

Basi kwa nini kile kibao?

Bado nakumbuka uzito wake. Kipande cha mbao chenye kamba ya katani na maandishi mekundu: Mimi ni punda. Aliyekosea Kiingereza alivikwa shingoni, na njia pekee ya kukivua ilikuwa kumnasa mwenzake akikosea, amvike yeye. Aliyebaki nacho Ijumaa jioni alisimamishwa mbele ya shule nzima Jumatatu. Ulikuwa ubunifu wako, baba, na ulijivunia. Ulisema tunafundishana wenyewe, mwalimu hana haja hata ya kushika fimbo.

Ijumaa ile kilikuwa shingoni kwangu. Kipindi cha mwisho kimekwisha, kila mtu ananikwepa, midomo wameifunga. Nikamwona Redempta, wa kidato cha kwanza, anatoka darasani na rundo la madaftari aliyotumwa kukusanya. Hakunikimbia. Mimi ni dada yake, angenikimbia kwa nini? Nilijua neno lile linamshinda. Nikamuuliza kwa Kiingereza, polepole, kwa sauti tamu, anafanya nini na madaftari yale. Akajibu kwa furaha, kama unavyomjua. Alitaka kusema anayakusanya, akasema anayasahihisha. Nikavua kibao nikamvika.

"Dada, nimekosea nini?" akaniuliza kwa Kihangaza.

Nilikwenda kuchota maji huku naimba.

Jumatatu ukaita, "Ledempta, pita mbele!" na shule nzima ikatulia kwa heshima. Kisha ukamtaka arudie maneno yale mawili mpaka apatie, na hapo kucheka kukaruhusiwa. Alirudia mpaka sauti ikakauka. Mwalimu wa zamu akatazama pembeni. Wewe ukatazama saa. Jioni nyumbani uliniwekea mkono begani ukasema, yeye akiwa palepale, "Huyu anajifunza." Nilikuwa na miaka kumi na mitano, baba, na nilifurahi!

Tangu siku ile hakujibu tena swali darasani, la somo lolote. Alipofeli mtihani wa kidato cha pili ulisema kichwa chake kizito, na shule ikaishia hapo. Kichwa kizito! Mtoto aliyekuwa akinifanyia mimi hesabu zangu, naye yuko kidato cha chini yangu!

Sasa anapika kule Benaco, anawalisha madereva wa malori. Simdharau kwa kazi hiyo, anaiweza kuliko mimi ninavyoiweza yangu. Kinachoniunguza ni kwamba dereva mgeni akimsemesha Kiingereza, anaziba mdomo kwa kanga, yeye mama wa watoto watatu. Nilipompigia simu kumweleza habari ya darasa na jina lako, alikataa kuja.

"Wewe nenda tu dada, mimi ntawaaibisha. Ila usijisumbue na mambo ya kibao. Hata wewe siku ile hukukusudia. Ungefanyaje?"

Miaka yote hii anaamini hivyo.

Nina hasira na wewe kwa sababu ulitutengenezea kitu ambacho mtu hawezi kukivua bila kumvika wa kwake, ukakiita elimu. Na nina hasira na mimi, niliyekielewa haraka kuliko wote.

Wasifu sitausoma. Nimeshawaambia watafute mwingine. Jina lako waliandike ukutani wakitaka, sitakwenda kulifuta. Kesho asubuhi napanda gari kwenda Benaco. Nitakaa kwenye benchi lake, nisubiri mpaka amalize kuwapakulia wateja, halafu nimwambie kwamba nilimuuliza makusudi. Akinifukuza, nitaondoka.

Lala, baba. Mimi usingizi sina.

Binti yako uliyemsifu