Manukato ya Baba Yamegeuka Pilau

Mpendwa Mama Anastasia, shikamoo. Barua hii nimeifuta mara tatu kwa aibu, naomba unisaidie. Nina miaka kumi na saba, nimemaliza kidato cha nne, niko nyumbani Ukonga nasubiri matokeo, na baba yangu ana manukato ya kizamani aliyoanza kupaka kabla sijazaliwa, asubuhi yananukia ganda la chungwa na karafuu, mchana mdalasini, na akirudi jioni kutoka kazini Kurasini yamebaki kama tumbaku kavu na mkoba wa ngozi, na mie nikiisikia harufu hiyo mlangoni najua tumetimia. Kila siku nilikuwa nafungua chupa nanusa kidogo, hadi wiki iliyopita ikaniponyoka, manukato yakamwagika, ikabaki robo, nikaogopa, nikaloweka karafuu, mdalasini na iliki kwenye spiriti, nikachuja, nikajazia, rangi ikawa ileile. Kesho yake baba alirudi anacheka, "Wenzangu wananiuliza, Mzee Mfaume, hiyo pilau umeificha wapi?" Lakini juzi nilimsikia akimwambia mama taratibu, "Mama Raudha, nadhani pua yangu imeanza kufa. Manukato yangu siyasikii tena." Jumamosi anaongoza wazee kupeleka posa ya kaka yangu kule Chanika, na amesema lazima ajipake. Nikisema, naogopa hataniamini tena, nikinyamaza ataaibika ukweni. Nifanye nini?

Raudha, Ukonga

Marahaba, Raudha mwanangu. Nimecheka, kisha nikakukasirikia. Iliki? Ulitaka kumpaka baba yako au kumpika? Manukato ya namna ile si viungo tu. Yanakaa mwilini mwa mtu miaka mingi mpaka yanafanana naye, na hayo huwezi kuyachemsha jikoni.

Chupa si kitu. Kibaya ni kwamba mzee wa watu anaanza kujiona mgonjwa, kumbe pua yake ni nzima kuliko zote: wenzake walisikia pilau, yeye alisikia kilichopungua. Usimwache na hofu hiyo hata siku moja zaidi.

Mwambie leo, akishakula. Usianze na machozi. Anza na, "Baba, pua yako haina ubaya wowote," halafu umwage yote, mpaka iliki. Atafoka. Mwache afoke.

Kabla ya Jumamosi nendeni wawili duka la manukato mkatafute yaleyale, na chupa yenyewe mkononi. Asinuse kwenye kifuniko. Ajaribie kwenye ngozi, na msubiri harufu itulie. Mikono yake ikishajaa harufu, mpe wako ajaribie.