Tartani ya Watu wa Samaki

Tata,

Kitambaa kilifika. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu, ingawa nyumbani tulisema Kibemba, na baba kwetu ni Tata, kazi yote ulinifundisha kwa Kiswahili ulichokitoa Kasenga ulikojifunza kushona. Mambo ya mashini ya kushona siyajui kwa maneno mengine.

Unakumbuka Bwana Mwansa alivyokuja, yule aliyekuwa askari Burma, akitaka kilti sita za kundi lake la ngoma. Alisema huko vitani aliwaona Waskoti wakipiga zumari wamevaa sketi za marinda, na hakuna mutu aliyethubutu kuwacheka. Wewe ulicheka mpaka ukashika mbavu. Kisha ukaandika barua Uskoti kuomba vipande vya mfano vya tartani, kile kitambaa chao cha sufu chenye miraba. Homa ikakuchukua kabla jibu halijafika.

Vipande vilipokuja, Bwana Mwansa alikuwa amekwisha kusema kazi ataipeleka kwa mafundi wa Fort Rosebery. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba fundi amekufa, na aliyebaki ni mutoto mwanamuke. Nikamwomba wiki moja.

Vilikuwa vipande kumi na kimoja, kila kimoja sawa na kiganja. Pamba ya miraba ningeipata Kasenga siku ileile, lakini wewe ulikuwa ukisema, "Rinda la pamba linalala kama mlevi." Nikashika sufu. Wachezaji wote wakaweka vidole kwenye chekundu. Nikapima jinsi ulivyonionyesha, kutoka mstari mweupe mpaka mweupe unaofuata. Kwenye kile chekundu mistari ilichelewa sana kurudi. Kwa kuwa kila rinda lazima lianzie kwenye mstari uleule, kila moja lingemeza kitambaa kingi, na yadi nane za mutu mmoja zisingetosha. Kile cha buluu na kijani kilirudi upesi.

Kusema tu kusingesaidia. Nilibandika magazeti, nikachora mistari ya vyote viwili, nikakunja marinda, nikamfunga Bwana Mwansa kiunoni, kwanza chekundu, kisha buluu. Yeye hakuweza kuona mgongo wake. Wenzake waliosimama nyuma ndio waliokata shauri: buluu.

Basi nikaagiza. Duka la Uskoti likaandika kuuliza: ukoo gani? Kumbe kule kila ukoo una mistari yake. Nilikaa na swali hilo siku mbili. Wachezaji ni wa koo nyingi, lakini mwagizaji ni mimi, nami, kwa desturi yetu, ni wa ukoo wa mama. Nikajibu ukweli: Bena Isabi, watu wa samaki, Ziwa Mweru. Wakajibu kwa adabu kwamba samaki hawamo kwenye kitabu chao, ila kitambaa nilichochagua kinakuja. Na juu ya furushi, Tata, mutu fulani kule aliandika kwa mkono wake: Ukoo wa Samaki. Nilimsomea mama mara tatu.

Nisikudanganye, kilti ya kwanza niliifumua. Mstari mmoja ulipotea nyuma, na nilisikia kabisa jinsi ungekohoa ukiuona. Ya pili ilikaa. Zilizofuata mkono ulizijua wenyewe.

Walicheza mbele ya boma. Walipogeuka wote sita kwa pamoja, mistari iligeuka nao, hakuna uliopinda. Mama alipiga vigelegele. Mimi nikageuka kutafuta uso wako. Ni mazoea tu, Tata. Ni mazoea.

Baadaye watu waliotoka Chienge walimuuliza Bwana Mwansa nani aliyeshona, wakitazama wanaume waliosimama karibu. Akanishika bega akasema, "Fundi ni huyu."

Sasa na wao wanataka kilti nane. Kesho nitakwenda Chienge kuwapima mwenyewe, kiuno na goti, mmoja mmoja. Barua ya kuagiza nimekwisha kuiandika, na chini yake nimeweka jina langu.

Nakuahidi, halitatoka mlangoni kwako rinda ambalo wewe ungelirudisha. Lala salama, Tata. Mama ni mzima, na mashini haijapoa.

Mimi mutoto wako,
Chanda, fundi wa Nchelenge